Mifupa Hii Ina Wenyewe

Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, Kanisa hutukumbusha marehemu wote. Vijana wa parokia hushika majembe na mafyekeo, hufyeka nyasi za makaburini, huweka maua, huwasha mishumaa, husali rozari. Ni desturi njema. Lakini makaburi tunayoyafyeka ni yale yenye misalaba na majina tu. Katanga yetu ina makaburi mengine mengi yasiyo na msalaba wala jina. Mengine ni ya miaka elfu moja iliyopita, mengine ni ya juzi tu, ya vita ambavyo wakubwa wetu bado wanavikumbuka. Tafakari hii yahusu makaburi hayo yasiyofyekwa na mtu, na swali ambalo vijana huuliza mara kwa mara: je, ni halali kwa Mkristo kufukua kaburi la kale ili kujua habari za waliolala humo?

Swali hili si la mbali kwetu sisi wa Mitwaba. Magharibi yetu, ukishuka milima ya Kibara, liko bonde la Upemba lenye maziwa mengi, ambamo mto Lualaba hupita. Kando ya ziwa Kisale, karibu na Kikondja, pako mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba pale kwa utaratibu wa kitaalamu, na mwaka 1958 Jean Hiernaux na wenzake wakaendelea. Mwaka 1959 wakachimba Katoto, katika bonde lile lile. Kisha, mnamo miaka ya 1974 na 1975, Pierre de Maret akarudi Sanga na kuchimba pia Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla makaburi mamia kadhaa yalifunguliwa, na kila kitu kikachorwa na kuandikwa mahali kilipokutwa. Kwa njia hiyo twajua kwamba watu wamekaa katika bonde lile bila kukoma kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja, wakivua samaki, wakilima, wakifua chuma. Wazee wa Waluba walikuwa wakilisema jambo hili kwa masimulizi. Ardhi imewaunga mkono.

Ni vema kujua kilichokutwa humo, maana wengi wetu tumesoma shuleni juu ya mafarao wa Misri kabla ya kusikia neno moja juu ya Sanga. Katika makaburi ya kati ya karne ya 10 na karne ya 13, wafu walizikwa pamoja na vyungu vizuri vilivyofinyangwa kwa mkono hodari, mapambo ya shaba, vyombo vya chuma na vya pembe za ndovu. Huko Kamilamba, katika kaburi la kale zaidi, paliwekwa fuawe ya chuma na shoka la heshima, alama zilezile ambazo baadaye zilikuwa za wakubwa wa Waluba. Kwa hiyo uhunzi na utawala vilishikana mikono katika nchi hii karne nyingi kabla ya jina la Katanga kuandikwa katika ramani yoyote.

Hata hivyo, lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni makaburi ya watoto. Vyungu vilivyowekwa kando ya mtoto vilikuwa vidogo, kwa kadiri ya umri wake. Fikirini maana yake. Mfinyanzi mmoja, labda mama mzazi, labda bibi, alikaa chini akafinyanga chungu kidogo, akakipamba, akakichoma motoni, akijua kwamba hakitapikiwa chakula hata siku moja. Alikifanya kwa ajili ya mtoto ambaye hatakula tena. Watu hao hawakuwa wamesikia Injili. Lakini walikataa kusema kwamba mtoto aliyekufa ni kitu cha kutupwa. Ikiwa mtu ataniambia kwamba wazee wetu walikuwa washenzi wasiojua thamani ya uhai, nitamwonyesha chungu kile.

Katika karne zilizofuata, desturi ikabadilika. Makaburi yakaanza kuwekewa misalaba midogo ya shaba, ile ambayo sote tunaijua, maana mitatu kati yake ilichorwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Mwanzoni misalaba hiyo ilikuwa mikubwa kidogo, ikilazwa juu ya kifua cha marehemu. Kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo zaidi na yenye vipimo vinavyolingana, ikawekwa karibu na mikono au kiunoni. Wataalamu wanaona hapo dalili kwamba ilikuwa imegeuka kuwa fedha ya kununulia na kulipia.

Hapa nawaomba vijana wawe waangalifu. Nimewahi kusikia ikisemwa kwa furaha kwamba misalaba hiyo ni ushahidi kuwa babu zetu walimjua Kristo kabla ya wamisionari. Si kweli, na imani yetu haihitaji kusimamishwa juu ya jambo lisilo kweli. Umbo lile lilikuwa la mafundi wa shaba, na maana yake ilikuwa ya wenyewe: mali, heshima, malipo. Kumheshimu mfu ni pamoja na kumwachia maana yake. Tukimvisha imani ambayo hakuwa nayo, tumemnyang'anya kitu kingine, ingawa hatukugusa mfupa wake.

Tena kuna jambo la njia. Shaba haipatikani kando ya ziwa Kisale. Ilitoka kusini, katika ukanda wa shaba, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Na katika baadhi ya makaburi ya bonde lile mlikutwa kauri za bahari ya Hindi, ambayo iko zaidi ya kilometa elfu moja kutoka hapo. Basi palikuwa na njia. Msitafute njia ya mawe kama zile za Warumi. Njia zetu zilikuwa za miguu, vichochoro vya porini vilivyofunguliwa na nyayo na kuzibwa na mvua, tena vikafunguliwa. Zilipita kijiji hata kijiji, na kauri ile labda ilibadilisha mikono mara mia kabla ya kufika Sanga. Lakini ilifika. Sisi ambao leo tunajua taabu ya kutoka Mitwaba hadi Likasi wakati wa masika, gari likizama katika matope siku kadhaa, tungefaa kuvua kofia mbele ya wale waliobeba shaba mabegani.

Tusiipambe njia hiyo kupita kiasi. Katika karne ya 19 njia za misafara zilizounganisha Katanga na pwani zote mbili zilibeba pia pembe za ndovu na watumwa. Pedro João Baptista na mwenzake Amaro José, waliotoka Angola mwaka 1802 na kufika Tete, Msumbiji, mwaka 1811, walipitia nchi za Mwata Yamvo na Kazembe. Hao wenyewe walikuwa watu weusi waliotumwa na bwana wao. Baadaye Msiri alitoka upande wa Unyamwezi akajenga himaya yake Bunkeya, na nguvu zake zilisimama juu ya shaba, pembe na watu waliouzwa, hadi alipouawa Desemba 1891. Njia ni njia. Huleta kauri, na huchukua watoto wa watu. Anayechimba historia kwa moyo mnyofu hana budi kukubali kukutana na hayo yote mawili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wazee wanaosema: mfu asisumbuliwe, aliyefunikwa na udongo aachwe. Neno lao lina uzito, wala si ushirikina kama wengine wanavyodhani kwa haraka. Maandiko yenyewe yanatuonyesha jinsi kaburi lilivyo jambo zito. Ibrahimu, mgeni katika nchi ya watu, alikataa kupewa bure pango la Makpela. Alilipa shekeli 400 za fedha ili Sara alale mahali palipo pake kweli. Tobiti alihatarisha maisha yake uhamishoni Ninawi ili kuzika maiti za ndugu zake zilizotupwa. Na Kanisa linaweka kuzika wafu kuwa tendo la saba la huruma ya kimwili, sawa na kuwalisha wenye njaa.

Lakini Maandiko hayohayo yanatuonyesha mifupa ikisafirishwa kwa heshima. Yusufu aliwaapisha ndugu zake, na Musa akaitoa mifupa yake Misri, ikabebwa jangwani hata ikazikwa Shekemu. Na Kanisa limekuwa likifungua makaburi tangu zamani. Katika miaka ya 1940, kwa agizo la Papa Pio XII, wataalamu walichimba chini ya Basilika la Mtakatifu Petro huko Vatikano. Walikuta nini? Njia ya kale, na kando yake nyumba za makaburi zimepangwa kwa mstari, wapagani na Wakristo wakiwa majirani. Mwisho wake wakafika mahali ambapo waamini wa kwanza waliheshimu kaburi la Petro, na tarehe 23 Desemba 1950 Papa akautangazia ulimwengu habari hiyo. Makaburi ya wapagani hayakuvunjwa ili kumfikia Mtume kwa haraka. Yalihifadhiwa, na leo mahujaji hupita katikati yao kimya kimya.

Karibu nasi zaidi, mkumbukeni Mwenye Heri Anuarite. Alipouawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alitupwa katika kaburi la pamoja na wengine. Kama watu wangeishika sheria ya kutogusa kabisa, angekuwa bado humo. Walifukua, wakamtambua, wakamzika kwa heshima, na leo anapumzika katika kanisa kuu la Isiro. Kufukua kule kulikuwa ni upendo.

Basi jibu langu ni hili: si kitendo cha kufukua chenyewe kinachotuhukumu. Kinachotuhukumu ni nia yetu, namna yetu na mwisho wa kazi yetu. Nani ameulizwa ruhusa? Kinachotoka kinakwenda wapi? Na aliyelala humo anabaki kuwa mtu, au amegeuka kuwa bidhaa?

Historia ya nchi hii ina mfano mchungu wa njia mbaya. Desemba 1884, watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyeanzisha kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika, walimuua mtemi Lusinga. Fuvu lake likachukuliwa hadi Ulaya, likaishia katika Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels, likiwa kitu cha kupimwa. Mwaka uliofuata kituo hicho cha Mpala kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, na kutoka hapo Injili ilienea katika nchi za ziwani. Wakatoliki hatuna sababu ya kuficha kwamba mambo hayo mawili yalifuatana katika kituo kimoja. Kulijua hilo hakupunguzi Injili, bali hutufundisha unyenyekevu. Na mwaka 2022 sisi Wakongomani tuliona kwa macho yetu uzito wa mabaki ya mtu: jino moja tu la Patrice Lumumba, aliyeuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likazungushwa nchini, likafika hata Shilatembo mahali alipouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Taifa zima lilisimama kwa ajili ya jino moja. Hakuna aliyeuliza faida yake.

Lakini tusiwanyoshee kidole Wazungu wa zamani pekee. Leo mikono inayoharibu makaburi ya kale ni mikono yetu. Ardhi ya Mitwaba ina kasiteriti na dhahabu, na vijana wengi, wakiwemo walioimba kwaya pamoja nasi, wamo katika mashimo. Sululu haichagui. Inapogonga chungu, kinapasuka. Inapogonga mfupa, unatupwa kando pamoja na udongo. Na msalaba wa shaba unauzwa kwa mpita njia kwa bei ya chakula cha siku moja. Kaburi lililofunguliwa na mtaalamu husomwa kama barua. Kaburi lililofunguliwa kwa pupa ni barua iliyochanwa, na hakuna fundi wa kuiunga tena, kwa sababu siri yote imo katika mpangilio: nini kilikuwa kifuani, nini miguuni, nini kando ya kichwa. Chungu peke yake sokoni hakisemi neno.

Mchimbaji atanijibu: wewe wazungumza habari za mifupa, mimi nina watoto wanaotaka kula. Sitamdharau, kwani njaa si hoja ndogo, na Kanisa lisilosikia kilio hicho halina haki ya kumhubiria juu ya vyungu. Lakini namwuliza swali moja la kindugu: ni nani aliyetajirika kwa msalaba wa shaba ulioutoa? Si wewe. Wewe umepata ya unga, na mtu wa mbali amepata mali itakayoongezeka bei kila mwaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa madini yetu, na ndivyo inavyokuwa kwa wazee wetu. Sheria ya nchi inayolinda mali za utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971. Haijawafikia wengi, lakini ipo.

Tena kuna makaburi yanayouma zaidi kuliko ya Sanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo la Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembe tatu ya kifo. Watu walikimbia porini usiku, wakazika wazazi na watoto wao kando ya njia bila alama yoyote, kisha wakaendelea kukimbia. Wengine hawakuzikwa kabisa. Waliojua mahali hapo wanazeeka. Baada ya miaka ishirini mingine, watakuwa wamekwenda na siri hiyo, na wafu wetu watakuwa kama wale wa karne ya 10: mifupa bila jina, ikingoja mtaalamu wa kuja kukisia. Wale wa Sanga hawakuwa na maandishi. Sisi tuna kalamu, daftari na simu zenye kamera. Udhuru wetu ni upi?

Kwa hiyo, vijana wapendwa wa Xaveri, wa Kiro, wa Skauti, wa kwaya na wa jumuiya zote, napendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kijana yeyote anayekuta mfupa au chungu cha kale, awe shambani au shimoni, asimamishe kazi mahali hapo, afunike kwa udongo, na kuwajulisha chifu na wakubwa wa parokia, ili habari ifike kwa wenye ujuzi, kama vile Jumba la Makumbusho na Chuo Kikuu cha Lubumbashi. La pili, tusinunue wala kuuza kitu kilichotoka kaburini, hata kwa kisingizio kwamba mwingine angekinunua. La tatu, kila kikundi kichukue daftari na kuwaendea wazee, kuandika majina ya marehemu wa vita vile, mahali walipozikwa, na nani anakumbuka. Daftari hilo likae parokiani, na majina yasomwe Novemba. La nne, kikundi kinachokwenda Lubumbashi kwa hija au mkutano kitenge saa mbili za kuingia Makumbusho. Taarifa ya Nenquin juu ya Sanga ilichapishwa Tervuren mwaka 1963, kwa Kiingereza. Haifai mtoto wa Katanga kuhitaji lugha ya ng'ambo na safari ya Ulaya ili ajue nani alilala kando ya ziwa lake.

Sisi twakiri ufufuko wa miili. Maneno hayo tunayatamka kila Dominika kwa haraka, lakini ni mazito. Maana yake ni kwamba mfupa ule ulio chini ya ardhi haujamaliza habari yake. Mungu aliyemwonyesha Ezekieli bonde la mifupa mikavu hakumwambia kwamba ni takataka. Alimwuliza kama yaweza kuishi. Aliyezikwa na chungu kidogo kando yake, Mungu anamjua jina, ingawa sisi hatulijui. Kaburi lake laweza kufunguliwa na mikono safi, kwa ruhusa, kwa utulivu, na kwa nia ya kusikiliza. Lisifunguliwe na mikono ya kuuza.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni makaburi gani ambayo hakuna anayeyatunza? Nani anajua habari zake?

2. Tufanye nini pamoja na ndugu zetu walio mashimoni, ili kulinda makaburi kusiwe mzigo mwingine juu ya maskini?

3. Je, jina gani la marehemu wa familia yangu halijaandikwa popote? Nitaliandika lini?